Mikasi Miwili ya Mtihani

Katika karakana ile ya ushonaji, Fundi Mkuu alikuwa na neno moja lililowachosha watu masikio: hakuna bahati, kuna mkono. Mwanafunzi akiharibu shingo ya koti na kusema kuwa kitambaa kimeteleza, Fundi hakumjibu. Alinyoosha kidole tu ukutani, juu ya meza ya kukatia, palipotundikwa kitambaa alichokitarizi mwenyewe kwa uzi mwekundu: Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Alikuwa na haki ya kusema, au ndivyo alivyoamini. Miaka thelathini na mmoja iliyopita, yeye na msichana mwenzake walisimamishwa mbele ya meza ile ile. Mwenye karakana wa wakati huo, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa na nafasi moja tu ya mkataji. Aliwapa kila mmoja kipande cha sufu cha kutosha koti, chaki, na mkasi mpya mzito, akasema, "Kateni." Fundi alikata kama anayepasua maji. Mwenzake alikitafuna kitambaa. Aliyeshinda akawa mkataji, kisha msimamizi, na mwisho akairithi karakana. Aliyeshindwa akapewa sindano na kiti cha dirishani, akashona matundu ya vifungo hata jina lake likasahaulika, akabaki Mama Matundu.

Sasa macho ya Fundi yalikuwa yameanza kumsaliti. Mstari mmoja wa chaki aliuona miwili. Ilibidi apatikane mkataji mpya, na waliofaa walikuwa wawili: msichana mmoja mrefu mwembamba waliyemwita Kimbaumbau, na binti wa Mama Matundu. Fundi aliamua wafanye mtihani ule ule alioufanya yeye. Aliuchukua mkasi wake, akafungua mtoto wa chini wa meza na kuutoa ule wa pili, wa mwenzake, ambao tangu siku ile ulikuwa umelala ndani ya kitambaa cha mafuta. Akaipeleka yote miwili kwa mnoa visu, nyuma ya soko.

Mnoa visu aliitwa Mzee Cheche, kwa sababu mikono ya shati lake ilikuwa imetobolewa na cheche za jiwe.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo umemleta mtu na dada yake." Aliugeuza mkasi wa Fundi. "Huu naujua. Waziona nukta hizi kando ya msumari? Kila ninaponoa, natia moja. Hii kubwa ya kwanza ni ya marehemu baba. Mkono wake ulikuwa mzito, Mungu amrehemu."

Kisha akauchukua ule wa pili, akaufuta, akaugeuza upande huu na upande huu, akavaa miwani.

"Na huu umeutoa wapi?"

"Ilinunuliwa pamoja, siku moja."

"Basi dada mtu hajaonja jiwe hata siku moja. Hauna nukta." Aliona kuwa Fundi hajamwelewa. "Mikasi ya siku zile ilitoka kiwandani haijatiwa makali. Ilikuwa lazima ipite hapa kwanza. Mmoja ulipita, huu haukupita. Sijui bosi wenu alikuwa na haraka gani."

Aliokota kitambaa kikuukuu, akakitia kati ya bapa mbili za mkasi na kubana. Kitambaa kilijikunja, kikatoka kizima.

"Mtu akikupa huu ukate sufu," alisema, "amekupa kijiko."

Fundi aliketi kwenye benchi la mawe bila kukaribishwa. Alikumbuka meza, na mikasi miwili iliyolala juu yake, inayofanana kama mapacha. Alichukua uliokuwa karibu na mkono wake wa kulia. Hakuchagua. Kama angesimama upande wa pili wa meza, leo angekuwa dirishani.

"Mwanangu, umeona nini? Ninoe mmoja au yote?"

"Yote," alisema, na sauti yake mwenyewe ilimtisha.

Aliporudi karakanani hakupita ofisini. Alikwenda moja kwa moja dirishani, akauweka mkasi wa pili juu ya magoti ya Mama Matundu.

"Ulijua?"

Mama Matundu aliutazama kidogo, kisha akaendelea kushona. "Tangu mkato wa kwanza."

"Na ukanyamaza miaka yote hii?"

"Sikunyamaza. Nilisema palepale, 'Bosi, mkasi huu haukati.' Naye alikwisha kunyoosha mkono ili autazame."

"Kisha?"

Mama Matundu aliinua macho, akayapeleka ukutani, kwenye uzi mwekundu. "Kisha ukanitupia methali yako. Watu wakacheka. Bosi naye akacheka, akaurudisha mkono mfukoni."

Kisa hicho alikuwa amewasimulia wanafunzi mara mia, na kila mara mwenye kutoa methali alikuwa bosi. Sasa aliisikia sauti yenyewe: nyembamba, ya msichana wa miaka ishirini, yenye kujipenda. Ilikuwa yake. Mkasi aliwekewa mezani, lakini neno lile hakuna aliyemwekea kinywani.

"Nafasi ni yako," alisema. "Kata wewe leo. Mtihani tuuache."

"Kwa mkono huu?" Mama Matundu aliviinua vidole vyake, vilivyojikunja kuifuata sindano. "Umejikunja miaka thelathini na mmoja, nawe wataka kuukunjua kwa saa moja. Usinitanie, mwenzangu. Wape watoto mtihani wao. Ila kila mmoja akate mara mbili, kwa mikasi yote miwili, na makali nitayajaribu mimi kwanza."

Ikawa hivyo. Cherehani zilizimwa, mafundi wakaizunguka meza. Kimbaumbau alikata mara mbili, na mara zote mbili vipande vilioana. Binti wa Mama Matundu alikosea kwapa la mkono wa koti kwa mkasi wa kwanza, akalikosea palepale kwa wa pili.

Fundi alimtazama binti, kisha mamaye. "Huenda sufu hii ilikuwa na..." alianza.

"Fundi," Mama Matundu alimkatiza, "usimtafutie jua."

Alimsogelea bintiye, akamfuta machozi kwa ncha ya kanga. "Umeshindwa, mwanangu, na mkasi ulikata. Kosa lako liko kwapani. Utaanzia hapo."

Mafundi waliporudi kwenye cherehani zao, Fundi alikuwa bado amesimama karibu na dirisha.

"Kama ungeupata huu wangu," aliuliza polepole, "ungenishinda?"

Mama Matundu alikata uzi kwa meno. "Sijui. Hata hilo la kujua nililikosa siku ile. Wewe je, wajua?"

Fundi aligeukia meza ya kukatia. Kwa miaka thelathini na mmoja jibu lilikuwa limetundikwa ukutani, naye alilitazama sasa asiweze kulisoma.

"Koti la Kimbaumbau likishashonwa," alisema Mama Matundu, akitunga uzi mwingine, "uniletee. Litahitaji matundu."