Kichwa Kimeitikia, Moyo Bado

...asinyanyuke, hata kiti kikiwaka moto Natsuko asinyanyuke, mikono yote miwili ameikalia kama mtoto aliyekatazwa kugusa keki, na pale mbele Kodai Ninomiya, mwanafunzi wake, amesimama kwenye kipaza sauti, kichwa kinapanda kinashuka, kinapanda kinashuka, ndiyo, ndiyo, mh, ndiyo, huku Profesa Haverkamp wa Uholanzi akimweleza kwa Kiingereza, mbele ya watu mia mbili, kwamba joto linaloivisha machenza ya Yawatahama, kwao Kodai, linatoka baharini wala si kwenye zile kuta za mawe za mashamba ya ngazi mlimani, kwa hiyo hesabu zako za miaka miwili, kijana, zimepima bahari tu, naona tunakubaliana, sivyo?... na kichwa kile, jamani kichwa kile, kikaitikia tena. Hajakubali! Natsuko Ebihara anajua hajakubali, kila Mjapani aliyemo ukumbini anajua, kichwa kinasema nakusikia, endelea, nipo nawe, basi, lakini Haverkamp ameshafunika kalamu yake na anaanza kukaa, mtu mwema, ameridhika, amezika miaka miwili ya mwenzake kwa tabasamu, na kuta zenyewe alizijenga babu yake Kodai, jiwe juu ya jiwe, na Kodai alizipima alfajiri, Januari, vidole vimekufa ganzi... "Mwalimu Ebihara," ni Kuwabara huyo, mwalimu mwenzake, ananong'ona sikioni, pumzi yake inanuka kahawa, "simama umsaidie bwana, kijana anazama." "Mwache ameze maji kidogo." "Una roho ngumu wewe!" Roho ngumu, laiti angeiona, imelainika kama uji wa mchele wa mgonjwa, ila yeye Kuwabara hakulala na mbwa, Natsuko alilala na mbwa, Winnipeg, Kanada, akiwa na miaka ishirini na miwili, mama mwenye nyumba alieleza jambo refu na yeye akaitikia kwa kichwa kwa adabu zake zote, kumbe amekubali jibwa lilale kitandani kwake, majira mawili ya baridi, likikoroma, likinuka samaki, hakuna aliyemwambia kwamba kule ukiitikia kwa kichwa umeshatia saini... na sasa Kodai anamtazama. Anamtazama yeye. Macho yaleyale ya Fumika Oshita, mwanafunzi wake mwingine, mwaka jana, kwenye mkutano wa Busan, swali limeulizwa, Fumika kimya, na Natsuko akaruka kama chura akajibu badala yake, Kiingereza kizuri, makofi yakapigwa, aibu gani ile, na kwenye foleni ya feri Fumika akainama mbele yake, "Asante sana, Mwalimu, kwa kuniokoa," akainuka, akainama tena, "ila jibu nilikuwa nalo, lilikuwa limebakiza kutoka tu," na tangu siku hiyo Fumika hakukanyaga tena darasa lake la Kiingereza la Jumatano. Jibu nilikuwa nalo. Mwaka mzima sentensi hiyo inakunywa naye chai... Jumatano zote hizo, chumba cha nne, wali wa kukandwa mkononi, hakuna karatasi ya kukariri, nikatizeni nikisema, anawaambia, jamani, mimi si mfalme, na atakayeomba radhi kwa Kiingereza chake kabla hajafungua mdomo ataimba wimbo wa shule yake ya msingi, na Kodai kauimba mara kumi na tisa, hadi mfagiaji wa korido ameushika... usinitazame, Kodai, sina kitu, tazama kwingine, na Natsuko anatazama dari, anahesabu taa, sita, saba, nane, Haverkamp amekaa, mwenyekiti anachukua orodha amwite msemaji anayefuata, tisa, kumi, makalio yanauma, mikono haipo tena... "Profesa, samahani..." Mungu wangu, anaomba radhi, mara ya ishirini, ataimba hapahapa!... lakini neno linakatwa katikati, linamezwa, koo linaonekana likilimeza. "Profesa. Bado hatujamaliza." Ukumbi mzima unageuka. "Kichwa changu kilikuwa kinasikiliza tu. Mimi sijakubali." Kiingereza kinachechemea mguu mmoja, lakini kinatembea, kinakwenda, mtu angedhani ni kizee kinachopanda zile kuta za babu na kikapu mgongoni, hakiombi mkono wa mtu. "Sababu ninayo. Subiri, ninafikiri." Halafu kimya. Kimya kilekile, taa zilezile, Kodai kasimama palepale, ila kichwa kimetulia kama jiwe, na kimya hiki kina mwenyewe, amekiomba, amepewa, watu mia mbili wanamngoja, na Haverkamp, tena anacheka kwa furaha, mzee yule, kasimama na anaifunua kalamu yake... "Kanyamaza tena," Kuwabara ananong'ona, "msaidie basi!" "Hajanyamaza," anasema Natsuko, kwa sauti, safu ya mbele yote imsikie, "anafikiri," na mikono anaichomoa alipoikalia, damu inairudia kwa kuchomachoma, na Kodai anageuka, anatazama picha ya kuta za babu yake iliyoonyeshwa ukutani, hamtazami tena mwalimu wake, hamtazami hata kidogo, na raha gani hii, raha gani, kusahauliwa...