Utepe wa Mgeni Rasmi

Hebu niambie, umewahi kuona mtu mzima analipwa mshahara kulinda utepe? Mimi nimemwona. Alipewa kiti cha plastiki na mwavuli, akakaa mbele ya jengo jipya la shule yetu tangu asubuhi mpaka jioni, kazi yake kufukuza kuku.

Jengo lenyewe zuri, siwezi kusema uongo. Limejengwa kwa kodi zetu, nyuma ya madarasa, ili watoto wadogo walelewe humo wakati mama zao wako kazini. Nilichungulia dirishani nikaona kila kitu: vitanda vifupi, magodoro bado yamo ndani ya nailoni, masinki yanayofika usawa wa goti langu, vyoo vidogo utadhani vya wanasesere. Ukuta wa manjano, bati jipya. Kilichokosekana ni mtoto wa kulala humo.

Maana jengo la umma, tuliambiwa, haliingiwi kabla mgeni rasmi hajakata utepe. Na mgeni rasmi ana shughuli zake. Mara ya kwanza alisafiri. Mara ya pili mafua. Mara ya tatu hata sababu hawakutupa, tulitangaziwa tu tusubiri. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu wetu haji, na wenyeji tunazidi kuugua. Utepe ukapauka kwa jua. Wakanunua mwingine. Huo nao akautafuna mbuzi, na kamati ya shule, watu wazima na ndevu zao, ikakaa kikao cha dharura kumjadili mbuzi. Ndipo akaajiriwa mlinzi. Pesa ya kumlipa mlinzi wa utepe ilipatikana upesi.

Mimi nilikuwa na haja na jengo lile kuliko kamati nzima. Binti yangu anashona kola katika kiwanda cha mashati, na mwanawe, tunamwita Kifungo kwa udogo wake, alikuwa akibaki kwangu. Lakini tangu babu yake apooze upande mmoja, mikono yangu haitoshi. Siku moja namgeuza mzee kitandani, namwekea mto mgongoni, kugeuka, mlango uko wazi na Kifungo hayupo. Alikutwa katikati ya barabara, ameketi kitako, anakula mchanga, na lori limesimama mbele yake. Toka siku hiyo binti yangu akawa anazunguka naye kila asubuhi, mlango kwa mlango, kutafuta jirani wa kumshikia. Akifika kiwandani amechelewa. Msimamizi akamwambia, "Ukichelewa tena, usijisumbue kuingia. Geukia hapo hapo getini."

"Nenda ukawaambie kamati," nikamwambia.

"Sawa, mama."

Hakwenda. Ndiyo tabia yake. Ukimkanyaga, yeye ndiye anayekuomba radhi.

Nikaenda mwenyewe kwa mwenyekiti. Mtaani tunamwita Tarumbeta, na si kwa sababu anajua muziki.

"Bibi, kila jambo lina utaratibu wake," akaniambia.

"Na mtoto aliye katikati ya barabara ana utaratibu gani?"

"Vuta subira, bibi yangu. Subira yavuta heri."

"Nimevuta mpaka kamba imekatika, mwanangu."

Akacheka, kana kwamba nimekuja kumtumbuiza.

Basi ikatangazwa tarehe nyingine, na kabla yake, mazoezi. Ndiyo, mazoezi ya kukata utepe! Kila mzazi alete mtoto wake asubuhi. Asiyekuja asihesabu nafasi. Binti yangu akamlilia msimamizi amruhusu aingie saa nne. Akaruhusiwa, kwa sharti kwamba saa nne ikipita, kazi hana.

Saa nne ikawa inakaribia, sisi bado tumepangwa juani kama matofali. Tarumbeta ndiye aliyejifanya mgeni rasmi. Alikuja kwa maringo, kifua mbele, akapunga mkono, kisha akarudi kuanza upya kwa sababu makofi yetu yalikuwa hafifu. Mkasi hakuwa nao. Alikata hewa kwa vidole. Mwalimu mkuu, mtu aliyesoma, amesimama pembeni ameshika sinia tupu la mkasi. Mlango ulikuwa umeachwa wazi harufu ya rangi itoke, kwa hiyo watoto waliviona vitanda vizuri kabisa huku jasho likiwatiririka.

Kisha Tarumbeta akamchagua binti yangu, kwa vile anamjua ni mpole, atoe shukrani kwa niaba ya kina mama.

"Mgeni atakuuliza, 'Mama, mnasemaje?' Wewe unapiga goti kidogo, unasema, 'Tunashukuru sana kwa kutujali.' Basi. Haya, tujaribu. Mama, mnasemaje?"

Binti yangu alikuwa anaitazama saa mkononi mwa mwalimu mkuu.

"Mama! Usiogope, mimi mgeni wa mazoezi tu. Mnasemaje?"

Nikajikaza kuisikia ile "sawa" yake. Lakini alimnyanyua Kifungo, akampitisha juu ya utepe, akamsimamisha ndani, kwenye sakafu inayong'aa. Mlinzi akaruka kutoka kitini, hajui amkamate nani.

"Nataka mwanangu akae humu," akasema, kwa sauti ambayo sikujua kama anayo. "Leo, sasa hivi. Na mimi niende kazini kwangu."