Vidole vya Mforosadi

Haya yote ni kweli tupu, na nikiongeza hata chumvi ya ncha ya ukucha, Mungu anikaushe mguu huu wa kulia ambao tangu zamani si mzima. Nilikuwepo. Niliona.

Farasi Garanfil alikuwa amelala ubavu mle shimoni, anahema, vumbi jekundu limemganda puani. Mashadi Eyvaz alipiga magoti kando yake. Kiganja chake kiliteremka polepole kwenye mguu wa mbele wa yule farasi, kama mtu anayetafuta funguo gizani, na kilipopita goti kidogo, kikasimama.

"Umevunjika?" nikauliza.

"Nyamaza, Yadollah."

"Nikalete bunduki?"

"Kalete kamba. Na mazulia mawili. Na huo ulimi uuache nyumbani."

Eyvaz, Mashadi kwa heshima ya hija yake, ndiye aliyekuwa muunga mifupa wetu pale Dashbulagh, kama baba yake kabla yake. Mkono wa mtoto, nyonga ya kikongwe, mguu wa kondoo, taya la mbwa: vyote vilipita mikononi mwake. Hela hakuchukua. Aliyepona humpelekea koni ya sukari, ile ngumu nyeupe iliyofungwa karatasi ya buluu, akamsalimu, basi. Farasi tu ndiye hakuwahi kumgusa. Baba yake alimkataza. Farasi hakubali kulala akingoja mfupa ushike, na asiyelala humalizika.

Lakini huyu alikuwa Garanfil. Kijiji kizima kilikuwa kimehamia kwenye pikipiki, akabaki yeye peke yake. Ndiye aliyembeba mke wa Eyvaz kwenda hospitali ya Maragheh mwaka ule barabara ilipozibwa na theluji. Kwenda waliondoka watatu. Kurudi walikuwa wawili, na Eyvaz hakupanda. Alitembea kando ya farasi njia nzima, tandiko tupu.

Na shimo alilichimba Eyvaz mwenyewe. Miezi miwili alikuwa akifanya kazi kwa Daktari Mahnaz, binti wa chuo kikuu aliyekuja kufukua mifupa ya kale kwenye kilima chetu chekundu. Kila adhuhuri, kabla ya kwenda kula, Eyvaz alifunika shimo kwa mbao. Siku ile hakufunika.

Sababu ilianza wiki moja nyuma. Alikuwa ameutoa ardhini mguu wa mnyama, mfupa mmoja mrefu na viwili vyembamba pembeni, kila kimoja na kikwato chake kidogo. Eyvaz alijua farasi. Farasi ana kwato moja tu kila mguu. Akaviondoa vile vyembamba akavitia kwenye mfuko wa mifupa ya mbuzi.

"Mashadi, nani kaviweka hivi humu?" Daktari Mahnaz akauliza jioni.

"Mimi, binti yangu. Vya mbuzi hivyo."

"Mbuzi gani huyo anayening'inia kwenye mguu wa farasi?"

Akamweleza. Hiparioni, farasi mdogo, vidole vitatu kila mguu, kimoja cha kukanyagia na viwili vya pembeni. Alitoweka duniani kabla ya mtu yeyote kuwepo wa kumtia hatamu. Eyvaz alisikiliza hadi mwisho, kofia mkononi.

"Kumbe yeye kaja mzima," akasema, "nikamvunja mimi."

Tangu hapo alifukua kwa ncha za vidole. Asubuhi ile ya balaa akapata mguu mwingine, na mfupa wake mrefu ulikuwa na nundu katikati. Hakuhitaji kuambiwa. Aliufumbata mkononi, akafumba na macho: ulivunjika, ukashika, ukashika kombo, na mwenyewe akautembelea miaka.

"Nani alimfunga banzi?"

"Hapakuwa na mtu, Mashadi."

"Basi alisimamia nini?"

Daktari akagusa vile vidole vya pembeni. "Labda hivi. Sina hakika."

Hilo "labda" ndilo lililomwinua. Alitoka shimoni akashuka kilima mbio mbio, mzee wa miaka sabini, kwenda kumsimulia binti yake Solmaz. Mbao zikabaki zimelala juani. Na Garanfil, aliyezoea kumfuata bwana wake saa ya chakula, akaja kumtafuta pale alipomzoea.

Tulimtoa watu kumi na wawili. Tulimning'iniza zizini kwa mazulia yaliyopitishwa chini ya tumbo na kufungwa kwenye boriti, kwato zikigusa chini kidogo tu. Eyvaz akakata tawi la mforosadi uani. Vidole vya kwanza, mfano wa vile vya pembeni vya mnyama wa kilimani, alivichonga virefu mno, akavitupa kwenye kuni. Vya pili vilikaa sawa. Akapaka mguu kiini cha mayai na unga, akaviringisha kitambaa cha sufu, kisha akafunga kila upande ubanzi wa mforosadi wenye kikwato chake chini. Ngozi ya kuvikanyagia aliikata kwenye buti langu la zamani, na hakuomba ruhusa.

Watu walikuja kutazama.

"Mashadi, ukimaliza mtie na mabawa!"

"Mabawa nimekuwekea wewe, Qorban. Maana akili ya kuku unayo tayari."

Walicheka, na yeye akacheka. Siku ya nne tulilegeza kamba, na Garanfil akatembea. Hatua kumi na saba! Solmaz anasema tatu, lakini yeye alikuwa analia, hakuhesabu vizuri. Vile vidole vya mti viligusa chini kabla ya kwato, tak, tak, vikapokea uzito, na Eyvaz alikuwa akirudi kinyumenyume mbele yake na kipande cha sukari kiganjani. "Njoo, mama. Njoo. Mwenzio aliweza."

Siku ya saba Garanfil hakula sukari.

"Baba, anaumia," Solmaz akasema.

"Anapona."

"Baba, mtazame."

"Nimesema anapona!"

Siku ya tisa nilimkuta Eyvaz amesimama zizini, pua karibu na ile bendeji. Harufu ile muunga mifupa huijua kabla ya mtu yeyote. Alifungua kitambaa mzunguko mmoja mmoja, bila haraka, akikikunja vizuri kama atakihitaji tena. Chini yake nyama ilikuwa nyeusi. Akaegemeza paji la uso kwenye shingo ya Garanfil.

"Yadollah," akasema. "Sasa kalete."

Solmaz alishika hatamu. Eyvaz hakukubali mtu mwingine apige risasi.

Baada ya hapo alifunga mlango. Kwenye kilima hakurudi. Mwanamke mmoja alimleta bintiye, kifundo cha mkono kimevimba kama tufaha, akasimama barazani akibisha. Eyvaz akajibu kutoka ndani, "Mpeleke Maragheh." Mtoto alilia njia nzima hadi kituo cha basi, na nyumba zote zilisikia.

Kisha ikaanguka theluji ya kwanza. Na alfajiri, wallahi, nyayo! Kutoka mlango wa zizi tupu, kupita uani, kupanda hadi kilima chekundu: kwato katikati, vidole viwili pembeni. Vidole vitatu! Nilimwona Eyvaz kutoka dirishani kwangu. Alitoka na kandambili, akainama kwenye unyayo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwenye wa tatu alikaa sana. Halafu akazifuata zote, hadi shimoni, akasimama huko kilimani mpaka mabega yake yakawa meupe. Aliporudi aliuliza yule mtoto wa kifundo yuko wapi.

Kisa hiki nimekisimulia mkahawani mara arobaini, na wanaume wazima wamelowesha ndevu. Juzi nilikuwa nimefika kwenye nyayo, Solmaz akaingia na kusimama mlangoni, mikate chini ya kwapa.

"Ami Yadollah, baba anauliza: ni farasi gani anatembea kwa miguu miwili?"

Akahamishia mikate kwapa la pili.

"Na anauliza mbona anachechemea kulia. Anasema huo mguu aliufunga yeye, miaka kumi na tisa iliyopita, na koni ya sukari hajaiona hadi leo."

Nyayo zile zilikuwa zangu. Vile vidole virefu mno nilikuwa nimeviokota kwenye kuni, nikachonga na vingine viwili, nikavipigilia vyote kwenye viatu nilivyokata mfano wa kwato.

Nilinunua koni kubwa kuliko zote dukani. Nikaibeba kwapani pamoja na vidole vyangu vya wizi, nikabisha. Eyvaz alipokea vyote. Tulikunywa chai.

"Ulijua kwenye unyayo wa tatu," nikasema. "Mbona ulipanda hadi juu?"

Akasogea karibu. Aliweka mkono kwenye goti langu, akaupitisha chini hadi pale palipovunjika, akapabonyeza.

"Ulishika kombo kidogo," akasema. "Lakini ulishika."

Kisha akachukua kishoka cha sukari, akaigonga koni, akachagua kipande kizuri. Akatoka nacho uani. Kutoka nilipokaa nilimwona akiingia zizini na kukiweka kwenye ukingo wa hori, akakisogeza kidogo kwa kidole, upande ule Garanfil aliozoea kula.

Nilipoaga jioni nilichungulia. Kilikuwa bado pale, cheupe, kizima.