Yowe Moja, Maiti Kumi na Moja

Kaka yangu akikuomba maoni juu ya filamu yake, ujue anataka sifa. Nimefanya kazi naye miaka tisa, yeye mwongozaji, mimi fundi wa sauti, na sijawahi kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ndiyo maana mchana mmoja tulipomaliza kuitazama sehemu ya pili ya filamu yetu ya mshonaji, alishika kalamu akaniambia, "Haya, nipe mazuri na mabaya. Anza na mazuri, nipate pumzi."

Tulikuwa kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya Mama, tulichokigeuza studio kwa kubandika magodoro ya zamani ukutani. Mama mwenyewe alikuwa kiti cha nyuma. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona. Mwenye ukumbi wa sinema alikuwa anaitaka baada ya siku tatu, kwa sababu sehemu ya kwanza ilimjazia ukumbi wiki sita. Ni hadithi ya fundi cherehani anayeua watu kwa mkasi wa kukatia vitambaa. Katika sehemu hiyo hasemi neno, hatujui kwa nini anaua, na akishaua anamshonea marehemu kifungo kilichokatika.

"Mazuri," nikasema. "Kifo cha kwenye lifti. Damu hatuioni, tunaona tu futi ya kupimia inavyovutwa taratibu chini ya mlango. Sehemu ya kwanza haina kitu kama hicho. Na yule muuza vifungo anayemtambua muuaji kwa mshono wake, halafu anajifanya hajui. Pale mpaka mimi nasahau kupumua."

Kaka aliandika, meno yote nje.

"Mabaya sasa. Maiti kumi na moja ni nyingi mno. Mara ya kwanza walikufa wanne, na tuliwajua wote, mpaka nani anakoroma. Hapa unamleta mtu asubuhi, mchana kafa. Halafu umemfafanua muuaji. Robo saa nzima ya utoto wake na mchumba aliyemkataa! Mtu ninayemjua mpaka mchumba wake simwogopi, namwonea huruma. Na anaongea! Kaka, nani alimtuma aongee?"

"Watu waliuliza kwa nini anaua."

"Ndiyo, wakarudi kuitazama tena."

Nilijua hilo limemkata maini, ila sikusimama. Mdomo wangu hauna breki siku za kawaida, na siku ile nilikuwa nausukuma makusudi. Nilitaka nimalize makosa yake yote, achoke, asifike kwenye kosa langu.

Yowe la sehemu ya kwanza alilipiga Mama. Tulikosa mwigizaji mwenye koo, Mama akaacha kuanika nguo, akaingia studio, akapiga yowe moja la sekunde nne, akarudi kwenye kamba yake. Majirani walikuja mbio. Mwaka uliofuata walimkuta na uvimbe kooni, wakamfanyia upasuaji wakaondoa kikoromeo chote. Alipona. Sasa anapumua kwa tundu dogo chini ya shingo, analifunika kwa kitambaa, na anachotaka kusema anakiandika kwenye daftari. Mimi, niliyerekodi milango, mvua na mbwa wa watu, sikuwahi kumrekodi mama yangu akiongea. Nilikuwa na yowe lile tu.

Nilipoanza kuweka sauti za sehemu ya pili, nilimpa yowe la Mama marehemu wa kwanza. Kisha wa pili. Kwa dereva wa lori nililishusha likawa zito, kwa mlinzi nikalikata nusu, kwa mwanafunzi nikalipandisha. Nikawagawia wote kumi na mmoja. Nilijidai naokoa muda. Uongo mtupu. Miezi mitatu nililisikiliza kutwa, na nilikuwa na furaha.

"Kuna kitu kwenye hivyo vifo," kaka akasema. "Cha kwanza kinatisha. Kuanzia cha nne naona kama huyu mtu nimeshamsikia mahali."

Nyuma yetu Mama aligonga kiti kwa kalamu, ndivyo anavyoita. Tuligeuka. Alikuwa ameinua daftari: *Ni mimi.*

"Nani, Mama?" kaka akauliza.

Akaandika tena. *Wote. Mpaka yule mwenye ndevu.*

Kaka alinitazama. "Wewe! Kweli?"

Niliitikia kwa kichwa, nikaanza kulia, tena si kilio cha staha. "Nisamehe, Mama. Sina sauti yako nyingine."

Mama hakunibembeleza. Aliandika muda mrefu, akaniwekea daftari mapajani.

*Umeniua mara kumi na moja ili unisikie. Mimi niko hapa. Tangu nitoke hospitali unakula na mimi hedifoni zikiwa masikioni. Naandika, unasema utasoma baadaye. Daftari la nne hili. Umesoma ukurasa gani?*

Kaka alikuwa anasoma begani kwangu.

Mama alilichukua daftari, akafungua ukurasa mpya. *Nimechoka kufa. Na huyo muuaji wenu ana maneno mengi. Mnyamazisheni, nitapumua mimi badala yake.*

Kaka alicheka. Alipoona Mama ameshasimama mbele ya maikrofoni anafungua kitambaa, aliacha. Niliisogeza maikrofoni mpaka karibu na tundu lile, ambalo tangu hospitali nilikuwa nalikwepa kwa macho. Mama akapumua. Ilitoka sauti kavu, ya ndani, kama kitambaa kinachochanwa polepole. Kaka, baba wa watoto watatu, alirudisha kiti nyuma.

"Hiyo," akasema. "Hiyo hiyo. Yule mchumba namfuta leo."

Siku mbili zilizofuata tuliita majirani wakaja kupiga mayowe, kila mtu la kwake, na la dereva wa lori alilipiga fundi bomba aliyekuja kuziba mfereji wetu. Nilipofika kwa marehemu wa kwanza nilimwomba Mama aniachie lake pale, moja tu.

*Moja sawa,* akaandika. *Vua hizo hedifoni, kaa.*

Nilizivua nikazifungia kwenye kabati, nikavuta kiti karibu naye. Akaandika kurasa mbili juu ya jirani na mkwe wake, umbea mtupu, nami nilisoma kila neno kabla wino haujakauka.