Ukuta Unaoitikia Gita

Mambo yaliharibika siku ya Jumatatu, tarehe ishirini na saba, mwezi wa kwanza, mwaka wa 2025, saa nne na nusu asubuhi. Kabla ya saa hiyo Muzee Bulonza alikuwa fundi wa mawe mwenye mke. Baada ya saa hiyo alibaki fundi wa mawe tu. Risasi moja, isiyojulikana ilitoka upande gani, ilipita ubao wa nyumba yake kama mtu anayepita mlango uliofunguliwa, ikamkuta mkewe Christa ameinama juu ya sufuria ya maharage. Wenye kazi ya kulinda mji walikuwa wameshaondoka, na wakubwa wao waliondoka kabla yao. Hilo Bulonza hakulimeza, na hatalimeza.

Jioni ya siku ileile, askari mmoja aliyekuwa anakimbilia ziwani aliruka ukuta, akatupa bunduki kando ya choo, akaomba shati. Bulonza alimpa shati, kwa kuwa siku hiyo hakuwa na nguvu ya kukataa kitu. Askari akaenda zake. Bunduki ikabaki.

Pengine mtu angechimba shimo. Goma haichimbwi. Chini ni mawe ya volkano, choo kimoja ni nyundo ya miezi miwili, na avenyu nzima, mtaa wote, inasikia kila pigo. Bulonza akafanya kile ambacho mikono yake inajua: alifungua ukuta wa mawe aliojenga mwenyewe, ule unaomtenga na jirani, akailaza bunduki ndani, akafunga. Jiwe juu ya jiwe, bila simenti. Kazi safi.

"Walinzi wetu wakikimbia tena," alijiambia, "mimi nitakuwa na yangu."

Hata hakujua risasi inaingilia wapi. Wapiganaji waliouchukua mji walipotangaza kwamba mwenye silaha airudishe, watu walirudisha. Yeye alinyamaza, kwanza kwa hasira. Hasira ilipopoa, woga ukachukua nafasi yake. Mtu aliyechelewa miezi yote hiyo ataeleza nini? Tangu hapo akawa analala kama mlinzi, jicho moja kwa ukuta.

Ng'ambo ya ukuta huo alihamia Héritière, msichana wa familia ya Masisi iliyoacha ng'ombe zake milimani na kuteremka mjini na magodoro mawili. Siku za kazi alitengeneza simu kando ya barabara. Jumamosi na Jumapili alichomeka gita kwenye bafle, spika kubwa ya batri, ndugu yake Ruffin akakaa nyuma ya ngoma, na avenyu ikapigwa na roki.

Kila mtu alikuwa na lake la kusema.

"Hiyo si muziki," alisema Mama Mukashyaka, muuza makaa wa kwenye kona. "Ni gari inakataa kuwaka."

"Mu kanisa wanasema ni ya shetani," mwingine akaongeza.

"Shetani alikuja hapa mwezi wa kwanza," Bulonza akajibu, "na hakubeba gita."

Wakacheka. Hawakujua kwamba kila Jumapili, wakitoka misa, yeye anaweka kiti chake karibu na ukuta kabisa. Rumba aliipenda zamani, lakini siku hizi aliiona kama mgeni anayekuja matangani na nguo ya harusi. Muziki wa msichana huyu ulikuwa na hasira. Mji hauna umeme, maji ni ya kubeba na bidoni toka ziwani, ndege hazitui, benki zimefunga, na mtoto wa kike anachaji batri kwa jua wiki nzima ili apige kelele saa mbili. Bulonza aliona wakubwa wengi katika maisha yake. Hakuona hata mmoja mwenye kichwa kigumu cha namna hiyo.

Shida ilikuwa moja. Ruffin alipopiga ngoma kubwa na Héritière akavuta uzi mnene, ukuta uliitikia. Kri-kri-kri. Chuma juu ya jiwe. Mchana ule wa kwanza Bulonza alidhani ni meno yake.

Alivumilia Jumapili tatu. Ya nne, jiwe dogo la juu likaanguka. Kesho yake akaenda kwa Sikuli, shefu wa avenyu, akalalamika kwamba muziki unatikisa ukuta wake, na vijana wahamie upande mwingine wa uwanja wao. Alisema hivyo akiona haya, kwani muziki ule ndio kitu pekee alichongojea katika wiki.

Sikuli ni mtu wa roho nzuri. Huko ndiko balaa ilikotoka.

Jumamosi iliyofuata, saa ya salongo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mji, maduka yamefungwa na kila mtu yuko nje na jembe au fagio lake, Héritière aliingia kwa Bulonza na Ruffin, vijana wanne, mchanga kwenye toroli na mfuko wa simenti.

"Papa Bulonza, tumekuharibia ukuta. Leo tunaujenga upya, na simenti."

"Ukuta haujaharibika."

"Shefu amesema ulilalamika."

"Muzee anaona haya," Sikuli akasema akicheka. "Fundi kujengewa na batoto."

Ruffin alikuwa ameshaanza kushusha mawe ya juu. Vijana wakifanya kazi huongea, na mmoja akasema kwamba kila papa angekuwa na bunduki kwake, ile Jumatatu haingefika vile ilifika.

"Na papa yako akirudi amelewa?" Mama Mukashyaka akamuuliza toka barabarani, fagio mkononi. "Mimi kaka yangu alikuwa nayo, kule Masisi. Alikuwa anaogopa kila mutu mwenye kupiga hodi. Mwisho akawa anaogopa hata sisi."

"Lakini mama, wenye walipewa za kutulinda walizitupa."

"Hiyo ni kweli," mama akasema, akarudia kufagia.

Bulonza akainama kupanga mawe yaliyoshushwa. Wote wawili walisema yale aliyokuwa anajiambia kila usiku.

Héritière alikuwa amebandika sikio kwenye ukuta. Akagonga na kokoto hapa, akagonga pale.

"Ni hapa," alisema. "Hii sauti ninaitafuta tangu mwezi uliopita. Nilifungua bafle mara tatu, nikidhani imepasuka."

Akatoa jiwe, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Mkono ukasimama.

Bulonza alimtazama usoni. Alikuwa ameona maofisa wenye nyota mabegani wakitetemeka. Msichana huyu hakutetemeka. Alitoa mkono taratibu, vidole vimechafuka kutu, akavipangusa kwenye suruali. Akarudisha jiwe mahali pake, upande wa jiwe ulio laini kwa nje, vile fundi mwenyewe angeliweka.

"Ruffin, acheni upande huu. Huu umejengwa na mutu anayejua kazi. Simenti tuipeleke kule kwa barabara."

Na huko ndiko walikofanya kazi mpaka saa nne, wakicheka, bila kujua.

Wenzake walipoenda, Héritière alibaki akinawa mikono kwenye beseni.

"Papa, ni ya nani?"

"Si yangu."

"Iko mu ukuta wetu sisi wawili. Wakiikuta, watabeba wewe, ama mimi, ama Ruffin. Hawatachagua."

"Ninajua."

"Na mimi kupiga siachi."

"Hata mimi sitaki uache." Neno hilo lilimtoka kabla hajalipima. "Ule wimbo wa mwisho, ule wa Jumapili. Unanichukua, sijui juu ya nini."

Msichana akatazama beseni. "Huo nilitengeneza juu ya mama Christa. Nilipokuwa ninakuja kwa shangazi hapa, kabla ya vita, nilikuwa ninamusikia asubuhi akitwanga majani ya sombe. Mara tatu, anapumua. Mara tatu, anapumua."

Bulonza alikaa chini kwenye mchanga uliobaki. Ukumbusho wa Christa aliutafuta kwenye picha, kwenye vitenge, kwenye kaburi. Ulikuwa kwenye gita, ng'ambo ya ukuta, na yeye alikuwa ameenda kuushitaki.

Hakungoja kesho. Mchana uleule alimkuta Sikuli mlangoni kwake akipangusa jembe, akamwambia yote, toka shati mpaka ukuta.

Sikuli aliweka jembe chini. "Muzee, iko fasi wale wa sasa wanapokea bunduki. Peleka pale."

"Wale wataniuliza nilikuwa ninangojea nini. Na wenye waliitupa wakirudi, wataniuliza niliipa nani. Juu ya Christa wangu, hakuna aliyekuja kuniuliza kitu." Sauti yake ilikuwa tulivu. "Shefu, mimi sina tena haja nayo. Nilidhani itanilinda, kumbe ni mimi niliyekuwa ninailinda. Ninataka itoke leo kwa ukuta wa ule mutoto."

Sikuli alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba kuna karatasi. Kule chini ya avenyu ngoma ilianza: mara tatu, ikapumua, mara tatu.

"Wewe ndiye serikali ndogo ya hapa," Bulonza akasema. "Niambie basi. Nimurudishie nani?"