Kifua Thelathini na Nne

Joto la mwaka huu halina adabu. Linaingia kibandani kwangu kabla ya wateja na kutoka baada yao, na mimi nipo katikati, mguu kwenye cherehani, jasho likinitiririka mpaka kiunoni. Wiki mbili nimeshona sare za wasichana wa hoteli, kumi na mbili, wote kifua thelathini na nne. Nimechoka. Tena si kidogo. Hata sauti ya mkasi inanikera.

Kabatini nina kitambaa cha pamba, cha njano, chepesi, nilichokitunza misimu mitatu ya joto. Nilitaka kujishonea gauni lisilo na mikono, nikae uani na dada yangu anayeishi chumba cha pili, miguu kwenye beseni la maji, tule tikiti. Basi. Sikuomba makubwa. Lakini kila mwaka wateja walinimaliza, dada akakaa uani peke yake akinisikia nakanyaga cherehani.

Sasa Jumapili anahamia kwa binti yake, safari ya siku mbili, na hatarudi kuishi hapa. Ijumaa alisimama mlangoni, akaitazama sketi yangu nyeusi.

"Fundi mzima unapendezesha watu, mwenyewe umevaa kama unakwenda msibani."

"Kesho saa kumi utaniona, dada."

"Nakuja na tikiti. Nisipokuona, nalila lote."

Jumamosi nilimaliza sare ya mwisho saa sita mchana. Sikupumzika. Nikatandika kitambaa changu, nikaweka juu yake karatasi ya kukatia, nikakata, nikaunga mabega na mbavu. Nilipojaribu, pande mbili za nyuma hazikukutana. Shubiri nzima ilibaki wazi. Nikaigeuza ile karatasi, imeandikwa: thelathini na nne. Mimi ni arobaini na mbili. Mkono wangu ulishazoea, ukachukua karatasi ya wasichana wa hoteli, na kitambaa kilichobaki hakitoshi hata leso.

Nikakaa sakafuni nikalia. Miaka ishirini na sita ya ufundi, na mtu pekee niliyewahi kumharibia nguo ni mimi.

Dada alinikuta hapo. Alicheka mpaka akaliweka tikiti chini.

"Inuka mdogo wangu. Livae hivyo hivyo. Uani tupo wawili tu, nani atakuona?"

Akanibania pini shingoni, tukatoka. Maji ya beseni yalikuwa ya baridi. Upepo ukaingia mgongoni, moja kwa moja, nikafumba macho. Maji ya tikiti yakanitiririka mpaka kwenye viwiko. Kwa muda sikuwaza chochote.

Dada akaenda kuchota maji zaidi. Aliporudi, akasimama nyuma yangu.

"Mgongo wako," akasema. "Umekuwa wa mama."

Mama alipinda akiwa na miaka sabini. Mimi nina hamsini na moja. Dada akaweka mkono wake wenye maji pale palipopinda, akashuka nao taratibu, mfupa mmoja baada ya mwingine.

"Nikiondoka, nani atakuja kukuondoa kwenye hiyo cherehani?"

Hakuna mtu, na wote wawili tulijua.

Mara mlango wa kibandani ukagongwa. Msimamizi wa hoteli.

"Fundi! Upo? Nimefuata sare!"

Nikaanza kuinuka. Mkono wa dada ukanishika bega, ukanikandamiza.

"Kaa."

"Ziko tayari, dada. Ni kumpa tu."

"Huyo utamwona Jumatatu. Mimi Jumatatu sipo."

Nikaketi kwa kishindo, na mshono wa ubavuni ukaachia. Niliusikia uzi ukikatika, mmoja mmoja, mpaka kiunoni. Kule mbele aliendelea kugonga. Sindano ilikuwa imechomekwa kwenye nguo, kifuani, kama siku zote. Niliiacha hapo, nikamnyooshea dada mkono anipe kipande kingine cha tikiti.