Kisiwa Upande wa Puta

Guy, mutoto wa mwisho wa mama Suzanne, alitoka Nchelenge Jumatatu asubuhi kwenda kutega nyavu, peke yake, na mchana upepo ukashika ziwa. Jumanne mutumbwi wake ulikuwa bado haujarudi. Mama Suzanne hakulia. Alikaza kitenge, akaenda kwenye biro, ofisi ya mradi mudogo unaopima maji, kwa sababu pale kulikuwa na kompyuta, na yeye alikuwa na imani kubwa na vitu asivyovielewa. Ndiyo maana aliolewa mara mbili.

Suwilanji, mwanamuke wa Kasama aliyefanya kazi pale, alimupa kiti, akamuita bamayo, mama. Akabonyeza mara mbili, na ziwa likatokea, rangi tupu: bluu, njano, na juu kabisa doa jekundu kama kidonda.

"Eh! Umepika mbio hivyo?" mama Suzanne akauliza.

"Siipiki, bamayo. Faili yenyewe ni namba tu, maelfu na maelfu, za upepo na maji, kila saa. Programu hii ni ya kutazama haraka. Inafunua chungu tu, unaona kilichomo."

"Na hapa pekundu?"

"Ndiko maji yalikosukumwa jana. Kila kinachoelea kimeenda huko. Juu ni kaskazini, bamayo. Ni kule Puta."

Wavuvi wa muzee Sampa walikuwa wanangoja ufukoni. Hawa wana namna yao: mitumbwi ya kutafuta mutu haitoki mpaka mama yake anyooshe mukono. Anakoonyesha, ndiko wanakoenda, hata kama mama mwenyewe hajui kuogelea. Lakini Sampa, aliyezeekea kwenye maji, alikuna shingo.

"Mama Suzanne, miye jana nilikuwa natazama Puta, na upepo ulinipiga kwa uso. Ulitoka kule. Mutoto amesukumwa kusini, ku matete ya Chisenga."

"Ba Sampa, uso wako umelewa tangu uhuru. Kompyuta hailewi."

Watu wakacheka. Hata siku ile walicheka, maana ulimi wa mama Suzanne uliwazoesha. Sampa naye akacheka kidogo, kwa heshima. Mama Suzanne akanyoosha mukono kaskazini, na mitumbwi minne ikaenda kaskazini.

Walitafuta siku tatu. Waliuliza kila kambi mpaka Puta na kuipita. Walirudi na jerikani moja, na haikuwa ya Guy. Nyumbani Fidélie, muke wa Guy, mwenye mimba ya miezi saba, aliacha kupika, akawa anakaa mulangoni kila kutwa. Mutu akipita na kasia begani, alisimama. Mutu akipita tu, alikaa tena.

Ijumaa asubuhi mama Suzanne alirudi kwa Suwilanji.

"Nifunulie tena chungu chako. Labda mutoto wangu ameganda chini."

Suwilanji akafungua ile picha. Mama Suzanne akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo.

"Hii tundu nyeupe, karibu na pekundu, ni nini?"

"Ni nchi kavu. Pasipo maji programu haipaki rangi. Ni kisiwa."

"Kisiwa gani?"

Suwilanji akapitisha kidole kwenye picha, akitafuta jina. Ziwa alilijua kwa kioo tu.

"Mwanangu, miaka ishirini nanunua samaki huku. Upande wa Puta, hapo unapoonyesha, hakuna kisiwa. Kilichokaa hivi ni Chisenga. Na Chisenga iko chini, kusini, ku mulango wa muto Luapula. Imepanda huko juu kufanya nini?"

Suwilanji akavuta kiti karibu. Akafungua safu za namba, akazisoma bila kupepesa. Kisha akabonyeza mahali padogo, na ziwa zima likapinduka. Doa jekundu likaanguka chini.

"Aliyeandika faili alianza na mustari wa kusini," akasema kwa sauti ya mugonjwa. "Programu inaweka mustari wa kwanza juu. Nilipaswa kuhakikisha. Nilifungua haraka, bamayo, nilitaka kukusaidia haraka."

"Kama kitenge kilichotundikwa kinyume, ndege wake vichwa chini," akasema mama Suzanne. Hakuwa anatania. Ulimi wake haukuwa na maneno mengine.

Alipanda mwenyewe mutumbwi wa Sampa. Saa nane walifika kwenye matete ya Chisenga, na hawakuhitaji kutafuta. Guy alikuwa amefunga shati lake kwenye kasia, akalisimamisha ili lionekane mbali. Na lilionekana mbali.

Mutumbwi wake haukuwapo. Alikuwa amelaza matete akajifanyia kitanda. Kando kulikuwa na mifupa ya samaki walioliwa wabichi. Alilala ubavu, uso umeelekea maji wazi.

"Ba Sampa, ni lini?"

Sampa ametoa wengi majini. "Hajavimba, mama."

"Nimekuuliza lini."

"Jana. Jana jioni, labda. Baridi imemumaliza."

"Sema basi kwamba uso wako haukulewa."

"Mama, tumubebe mutoto."

"Sema!"

Sampa aliingia majini mpaka kiuno, akashika miguu ya Guy.

Kwenye kilio, Fidélie alimushika magoti. "Mama, alitungoja?"

"Hapana. Alikufa Jumatatu ile ile. Maji hayakumuacha hata aite."

Sampa, kwenye kiti chake, alitazama chini.

Suwilanji alikuja na mufuko wa unga, akapita kati ya wanawake na uso wa mutu aliyekuja kusema jambo. Mama Suzanne alimuvuta chini, karibu yake, akamushika mukono kwa nguvu.

"Bamayo, niache niwaambie. Ni miye."

"Ukisema yako, itabidi niseme yangu. Na yule pale ana mimba."

Wanawake wa soko walikuwa wanamutazama. Walizoea kwamba kwenye kilio chochote yeye ndiye anayemuchekesha hata mujane. Mumoja akasogea. "Mama Suzanne, tupatie neno moja basi, kifua kifunguke."

Mama Suzanne akasukuma sahani ya bukari, ugali wa kilio, mbele ya Suwilanji.

"Kula," akasema polepole. "Wanatuangalia."